Kamba Haina Ndugu

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi ya kilimo walinipa keki yenye umbo la kabichi. Nilishukuru, ingawa majani ya nje yalikuwa yamekaa vibaya na mtu yeyote aliyewahi kuvuna kabichi angeona aibu kuipeleka sokoni. Mshereheshaji akanipa dakika chache za kuongea. Nikaanza na upana wa tuta. Nilipofika kwenye upana wa njia, nusu ya ukumbi walikuwa wanatazama simu na nusu nyingine wanatazama keki. Nikakaa. Haya ndiyo niliyokuwa nimebakiza, na safari hii hamna keki ya kuwaokoa.

Vyeo sitavitaja. Mshahara nao tuuache, maana haukuwahi kukaa kwangu muda wa kutosha tukafahamiana. Nitasema habari za matuta na njia, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote: kuwaambia watu wapande wapi na wapite wapi. Kwenye kupanda wanakubali upesi. Kwenye kupita ndiko kuna vita.

Mimi ni Mhehe, nimekulia karibu na Tosamaganga. Mama yangu alikuwa na vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi maji yakishapungua. Vinyungu vya mama havikuwa na njia. Vilikuwa na mahali pa kuruka. Aliruka mtaro na ndoo kichwani bila kumwaga tone, nasi watoto tukaruka nyuma yake tukatumbukia mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo nilipokwenda chuo cha kilimo na mwalimu akaniuliza njia ya bustani ni nini, nilijibu kwamba ni pale mama anaporuka. Darasa lilicheka muhula mzima.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu na nyanya na joto ambalo mtoto wa Tosamaganga hakuwahi kulifikiria. Nilishuka kwenye basi na viatu vyeupe. Aliyenipokea ni Mzee Kikoti, bwana shamba mkongwe, mwembamba, mwenye kofia ya pama iliyochoka kuliko yeye.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene, baba."

Akatazama miguu yangu kwa muda. "Hivyo viatu ni vya harusi ya nani?"

Begani alikuwa amening'iniza kamba ya katani yenye mafundo, imekuwa nyeusi kwa jasho na matope. Hiyo kamba ndiyo iliyokuwa ofisi yetu. Meza tulikuwa nayo, lakini kuku wa mlinzi alitagia mtotoni mwa meza na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumhamisha. Kamba haikuazimwa na mtu yeyote. Ukiivuka kwa mguu Mzee Kikoti alikutazama kana kwamba umevuka mtoto mchanga aliyelala.

Kwake nilijifunza mambo ambayo chuo hakikuyasema. Kule joto ni kali, kwa hiyo kitunguu hakiwekwi juu ya tuta la kuinuka, kitakauka kabla ya saa sita. Kinawekwa kwenye jaruba, yaani tuta lililozama kidogo lenye kingo, ili maji yakiingia yakae. Upana wa jaruba au tuta haupimwi kwa kitabu. Unapimwa kwa mkono wa mtu mfupi kuliko wote shambani: achuchumae njiani, anyooshe mkono, afike katikati bila kupiga goti ndani. Mzee Kikoti alinitazama, akafurahi, akasema amesubiri miaka mingi kupata kipimo kizuri namna ile. Ndivyo wakulima wa upande ule walivyolima majaruba ya kimo changu, na mpaka leo wako watu warefu kule wanaolalamika hawajui wamlaumu nani.

Njia nayo ina kipimo chake. Mchukue mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni, mpitishe njiani, kisha mwenzake amwite kwa nyuma. Atageuka, lazima ageuke, maana ameitwa. Akigeuka na makalio ya mtoto yakafagia vitunguu, njia ni nyembamba. Mkiniuliza kipimo hiki kwa sentimita nitawatajia, lakini mtakisahau. Yule mama hamtamsahau.

Kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya ndugu wawili waliogombania njia kati ya mashamba yao. Kila usiku njia ilihama kidogo, leo upande huu, kesho upande ule, mpaka majirani wakasema ni njia inayotembea yenyewe. Mzee Kikoti akaja na vigingi, akafunga kamba, akaanza kuinyoosha. Kaka mkubwa akamvuta pembeni.

"Mjomba, si wewe ni damu yetu? Isogeze kidogo tu."

"Mimi ni mjomba wako," akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Lakini kamba haina ndugu."

Kamba ikanyooka. Ikapita ilipopita, na ilipofika mwisho wa mashamba yale ikaendelea moja kwa moja, ikapasua katikati ya nyanya za mke wa Mzee Kikoti mwenyewe, ambazo zilikuwa zimeanza kuiva. Akazing'oa kwa mkono wake. Baada ya hapo alikula ugali na chumvi kwa muda ambao hakupenda kuutaja, lakini njia haikuhama tena. Mimi nikayachukua maneno yale kama mtu anavyochukua sakramenti. Kamba haina ndugu. Niliyasema kwenye mikutano, kwenye semina, hata siku moja kwenye mazishi, ambako nakiri hayakufaa.

Nilipohamishiwa Mbeya, Mzee Kikoti aliikata ile kamba vipande viwili, akanipa kimoja. Aligeuka akaanza kumkemea yule kuku wa mlinzi, na wote wawili, kuku na mimi, tulijua hasira ile haikuwa ya kuku.

Mbeya nilikaribishwa na baridi na mvua isiyo na adabu. Pale elimu ya Ruaha Mbuyuni unaikunja unaiweka begini. Tuta lazima liinuke, na pembeni kuwe na mtaro, la sivyo kabichi inaoga mpaka inaoza. Nikapangiwa kikundi cha bustani Iyunga, kwenye bonde lililo chini ya barabara kuu. Wakazi walikuwa wamepewa bonde lile walime mboga, nao walikuwa wamelilima kama watu wanaogombania blanketi. Matuta yalielekea huku na huku, mengine yaligongana vichwa. Kulifikia tuta lako ulipaswa kukanyaga matuta ya watu watatu, na kila mmoja wao alikuwepo kukuona.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Sekela, mfanyabiashara wa ndizi, mwanamke mwenye mwili na sauti. Akizungumza nawe kwa siri, watu wa ng'ambo ya barabara walijibu. Alinipenda siku ile ile kwa sababu nilimwambia matuta yao ni aibu.

"Umesikia?" akawageukia wenzake. "Mimi nikisema mnasema nina kiburi. Haya, mgeni kasema!"

Nikafunga kamba yangu juu, kwenye lango la barabarani, nikaivuta mpaka chini kabisa kwenye kijito. Njia moja, pana, imenyooka kama rula, na matuta pande zote mbili kama mbavu za samaki. Ukisimama langoni ulimwona mtu aliye kijitoni mpaka rangi ya kanga yake. Viongozi walikuja wakapiga picha. Nilimtumia Mzee Kikoti moja, akanipigia simu, akasema kwa mbali anaona kigingi cha tatu kimelala kidogo. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Bustani zikagawanywa. Ya kwanza kabisa, karibu na lango na bomba la maji, alipewa Mzee Asajile kwa heshima ya umri. Alikuwa mstaafu wa reli, mrefu, mjane, mpole. Alivaa koti refu la buluu la kazini lenye vifungo vinavyong'aa, masika na kiangazi, na Iyunga nzima ililijua koti lile kuliko walivyomjua diwani. Ya mwisho kabisa, kijitoni, alipewa Tumpe, mke wa mtoto wake. Mumewe alikuwa dereva wa lori, siku nyingi yuko safari, na nyumba ilikula kilichotoka kwenye bustani ile. Tumpe alikuwa mfanyakazi hodari, mkimya, na ndiye pekee aliyenielewa mara moja habari za mitaro.

Tukaweka na sheria: bustani ikigeuka majani, mwenyewe anaonywa mara moja, kisha anapewa mwingine. Waliokuwa wakisubiri nafasi walikuwa wengi na hawakuficha. Walipita langoni kila asubuhi wakichungulia nani amedhoofika.

Kabla ya miezi miwili, matuta ya kandokando ya njia yakaanza kuvamiwa. Ukija asubuhi unakuta chainizi zimelala chini, karoti zimevunjwa mashingo, na katikati ya tuta kuna shimo la umbo la kitu kilichojitupa. Leo upande wa kulia, kesho wa kushoto. Mama Sekela akasema ni nguruwe wa jirani. Jirani akaapa nguruwe wake ana nidhamu. Nikachuchumaa nikakagua kama askari wa upelelezi. Nikakuta alama ya kiganja. Nikawaambia kwa uhakika kabisa kwamba ni nyani.

"Nyani, Iyunga?" akauliza Mama Sekela.

"Nyani mmoja," nikasema.

Nyani wangu akahitaji kutishwa. Nikaamua tuweke sanamu katikati ya bustani, pale njia inapofika nusu. Mti mmoja wa kusimama, mwingine wa mabega, kichwa cha kibuyu. Nikaomba nguo kuukuu. Mzee Asajile, aliyekuwa anajiandaa kwenda Tukuyu kwa dada yake, akavua koti lake pale pale. Mtoto wake alikuwa amemletea jingine kutoka safarini.

"Chukua, bibi shamba. Hii koti imetisha wezi wa mabehewa. Itashindwa na nyani?"

Tulilivika sanamu, tukafunga vifungo vyote, tukaweka na kofia. Lilipendeza mno. Mzee Asajile alilitazama kidogo, akalipigia saluti, akaenda Tukuyu.

Na kweli uharibifu ukakoma. Nikatembea kifua mbele. Lakini bustani ya Tumpe ikaanza kuota majani. Siku ya kwanza sikujali, ya pili nikashangaa, baadaye majani yakazifunika karoti zote na waliosubiri nafasi wakaanza kuja na majembe yao mkononi, eti wanapita tu. Nikamtumia onyo kupitia Mama Sekela. Tumpe akajibu kwamba amesikia. Hakuja. Mimi hukasirika upesi, na mvivu hunikasirisha, lakini hodari aliyeamua kuwa mvivu hunikasirisha zaidi. Tukaitisha mkutano wa kumnyang'anya.

Tulikutana kwenye banda la mbolea, lenye kuta za mabanzi ya mbao. Mzee Asajile alikuwa amerudi kutoka Tukuyu asubuhi ile ile, akaja moja kwa moja na begi lake, akaketi mbele. Tumpe hakuingia. Alikaa nje, nyuma ya ukuta wa mabanzi, tukaona tu ncha ya kanga yake kwenye nyufa. Nikadhani ni aibu ya mkosaji.

Mama Sekela akasoma sheria, na mpaka waliokuwa barabarani wakaijua. Akauliza kama kuna mwenye neno. Mzee Asajile akasimama.

"Mimi ndio nimeumia kuliko wote," akasema. "Ile nyumba ni ya mwanangu. Wale watoto ni wajukuu zangu, wanakula hapo. Lakini nikisema aachiwe, kesho mtasema mzee Asajile anapendelea kwake. Bibi shamba katufundisha wenyewe. Kamba haina ndugu."

Akaketi, akatazama sakafu. Watu wakanigeukia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno yale yakitoka kwenye mdomo wa mtu anayeumia, na hayakunifurahisha hata kidogo.

"Tumpe," Mama Sekela akapaza sauti kuelekea ukutani, "una la kusema?"

Sauti ndogo ikapenya kwenye mabanzi.

"Mama Sekela, waambie, ningefikaje kwenye bustani wakati baba amesimama njiani?"

"Baba gani?"

"Baba mkwe wangu. Anasimama pale katikati. Asubuhi nikija yupo. Jioni nikirudi yupo. Mvua inanyesha, baba yupo tu. Nikasema labda ana huzuni, anamkumbuka mama. Jana nimeona kwa pembeni kunguru amemkalia kichwani, na yeye hata hamfukuzi. Nilirudi nyumbani nalia."

Mzee Asajile alikuwa amefungua mdomo. "Mimi?" akasema. "Mimi si nilikuwa Tukuyu?"

Banda lote likageuza shingo kwa pamoja. Kupitia mlango wa banda tukaona, kule chini katikati ya njia yangu iliyonyooka, limesimama koti la buluu na vifungo vyake vinang'aa, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja kwa huzuni.

Mama Sekela ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika nguzo, na nguzo ikacheka pamoja naye. Wengine wakaangukiana mabegani. Mmoja wa waliosubiri nafasi alicheka mpaka akadondosha jembe. Mimi peke yangu nilikuwa sielewi, nikauliza swali ambalo Iyunga bado wananitania nalo.

"Sasa si angempita tu? Angesema shikamoo baba, akapita?"

Kicheko kikakatika. Wakanitazama kama mtu aliyesema ampige teke mchungaji.

"Gwe bibi shamba!" Mama Sekela akashika kiuno. "Kwani huko kwenu Iringa mkamwana anakutana na baba mkwe wake njiani uso kwa uso?"

"Anakutana. Anamwamkia. Siku nyingine anampokea na mzigo."

"Mwe!" wakaitikia akina mama, wakawaonea huruma baba wakwe wote wa Iringa.

Ndipo nilipofundishwa, baada ya picha zote zile na viongozi, kwamba kwa Wanyakyusa wanaoshika mila mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, na wakikaribia kukutana njiani anatoka njiani. Wengi mjini wameiacha. Nyumba ya Mzee Asajile haikuiacha. Mimi nikawa nimewawekea njia moja tu, isiyo na kona, isiyo na kichaka, ya kuonana kutoka lango mpaka kijito. Yule nyani wangu alikuwa Tumpe, anayejitupa kwenye chainizi kila anapoona koti linakuja. Safari ya Tukuyu hakuna aliyemwambia. Na siku nyingine, tulikuja kuambiwa, nyani alikuwa Mzee Asajile mwenyewe, na umri wake wote, anajitupa kwenye karoti kumwachia mwanamke mwenye ndoo apite kwa amani. Hakuna aliyeniambia kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba afisa wa serikali anaweza asijue jambo kama hilo. Sikubali kwamba kosa ni langu peke yangu. Kamba nayo ilikuwepo.

Mzee Asajile hakucheka. Alikuwa ameketi anaminyaminya begi lake.

"Kunguru kanikalia kichwani," akasema polepole, "na yule mtoto akalia." Akafuta macho kwa kiganja bila kujificha. Kisha akasimama. "Basi. Mimi ni mzee, tumbo langu ni dogo. Natoka mimi, abaki yeye."

"Mama Sekela," ukuta ukasema, "mwambieni baba akitoka na mimi natoka."

Hapo hata Mama Sekela aliishiwa sauti. Waliosubiri nafasi wakahesabu bustani mbili badala ya moja, nikaona macho yao yanang'aa. Nikasema kwa ukali kwamba hakuna anayetoka mpaka nimalize kazi yangu, mkutano umefungwa, na mtu aende akalivue lile koti.

Jioni ile nilimpigia Mzee Kikoti. Alikuwa amestaafu, anakaa Iringa mjini na mke wake, nyanya zikiwa zimesamehewa. Nikamweleza yote.

"Nimekufundisha kunyoosha," akasema, "wewe unanipigia simu kuniuliza namna ya kupinda."

"Ndiyo, baba."

"Usiguse kitu. Nakuja."

Akaja kwa basi na nusu yake ya kamba kwenye mfuko wa rambo. Alishuka bondeni, akaitembea njia yangu mwanzo mpaka mwisho, akakinyoosha kigingi cha tatu, akarudi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kumkata mguu farasi mzima. Mama Sekela akamletea chai na ndizi za kuchoma, hakuzigusa. Kisha akasema, "Kama ni lazima ipinde, ipinde kwa kipimo."

Akapiga kigingi kimoja kando ya njia, akafunga kamba yake, akaunganisha na yangu kwa fundo, akaishika ncha na kutembea huku ameivuta, mguu unachora ardhi. Mduara ukatokea, mzuri kuliko chochote nilichowahi kuchora darasani. Njia ikashuka kutoka langoni, ikagawanyika, mkono mmoja ukaenda kulia na mwingine kushoto, ikakutana tena karibu na kijito. Katikati tukapanda mabingobingo, majani marefu ya kulisha ng'ombe, yanayomficha hata mtu mrefu wa reli. Matuta manne yalikufa. Mawili yalikuwa ya spinachi ya Mama Sekela. Alizing'oa akilaani mila, serikali, Wahehe na mabingobingo, na wakati wote huo hakusimama kung'oa.

Nilimsindikiza Mzee Kikoti stendi. Kabla hajapanda basi sikuvumilia.

"Sasa baba, kamba haina ndugu?"

"Haina," akasema, amekasirika. "Ila imekutana na watu wenye ndugu wengi." Akaingia ndani, akafunga dirisha.

Tumpe alimaliza kuipalilia bustani yake kwa siku chache tu, na waliosubiri nafasi wakarudi kuchungulia kwingine. Yeye alipita kushoto, Mzee Asajile kulia. Mzee alikohoa kila alipoikaribia kona, kikohozi cha hodi, na Tumpe aligonga jembe kwenye ndoo. Hakuna chainizi iliyolaliwa tena. Yale mabingobingo yakawa na faida ambazo sikuzipanga: kila mtu Iyunga alikuwa na mtu asiyetaka kukutana naye. Niliwahi kumkuta mwanakwaya aliyekacha mazoezi amechuchumaa upande wa kulia wakati mwalimu wa kwaya ananunua figiri upande wa kushoto.

Lakini lililonipendeza zaidi nililigundua siku niliyokuwa nimeinama kwenye mtaro, hawajaniona. Mzee Asajile alisimama upande wake wa majani, akaziinamia kabichi.

"Kabichi," akasema kwa heshima, "mwambieni huyo wa huko chini, leo maji nimeyafungulia mapema. Asijitese na ndoo."

Kutoka upande wa pili ikaja sauti ya Tumpe, anaziambia karoti zake.

"Karoti, semeni tumeshukuru. Na kwenye kisiki kuna kande za moto, nimezifunika."

Ndivyo walivyoongea kwa miaka yote iliyofuata. Kabichi zilibeba habari za homa za watoto, safari za lori, mtihani wa mjukuu wa kwanza. Karoti zilipeleka majibu. Sijawahi kuona nyumba inayoelewana kama ile, na nimezunguka nyumba nyingi ambazo watu hukaa meza moja.

Mzee Asajile alifariki mwaka mmoja kabla sijastaafu. Nililia kama nilivyomlilia baba yangu. Alizikwa na lile koti jipya. La zamani Tumpe alilifua, akaliweka.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilimpeleka Iyunga afisa aliyechukua nafasi yangu, Doreen, binti mwerevu, ana simu inayopima shamba ukiwa umesimama. Nilikuwa nimempa ile kamba nzima aliyoniachia Mzee Kikoti, yenye fundo lake katikati. Akaizunguka bustani mara moja na kuonyesha kioo cha simu.

"Mama, hii njia imepinda bila sababu. Haya majani tukiyang'oa tukainyoosha, tunapata matuta manne." Akafunga kamba langoni, akaanza kushuka nayo moja kwa moja kuelekea kwenye mabingobingo. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Nikafungua mdomo nimweleze.

Tumpe alikuwa upande wa kushoto, anapalilia. Siku hizi ndiye mwenyekiti, na nywele zimeanza kuwa na mvi. Nikaona kwamba upande wa kulia, ule wa mzee, ulikuwa umefagiwa safi, hauna jani, na hauna hata unyayo mmoja. Aliacha jembe. Hakumtazama Doreen wala mimi. Aliinama kwenye tuta.

"Kabichi," akasema, "mwambieni huyu binti, baba hajamaliza kupita."

Doreen akanitazama. Nikaenda kumsaidia kukunja kamba.